Madodoki ya Bibi na Safari ya Kidato cha Tano

Kila tukirudi chuo kutoka likizo, wenzangu wa bweni huniuliza nimewaletea nini kutoka Kigoma. Wanategemea migebuka, dagaa au mawese. Nawakumbusha kwamba Kigoma si ziwa tu. Sisi wa Kasulu na Kibondo tuko huku juu kwenye milima na mabonde, nchi ya maharage, mihogo, ndizi na tangawizi, na ziwa wengi wetu tunaliona tukishuka Kigoma mjini kwa shughuli. Basi mimi huwaletea madodoki. Wanacheka, wanachukua, na baada ya mwezi mmoja wanaulizia mengine.

Haya madodoki yanatoka kwa bibi yangu mzaa mama, Kibondo. Kwake dodoki limepanda juu ya mparachichi tangu nikiwa mdogo. Linaota, linatambaa, linakauka, mbegu zinadondoka, linaota tena. Bibi huchuma lililokauka, hukata kipande cha kuogea na kipande cha vyombo. Ukimletea sabuni ya dukani anashukuru, halafu anakwambia, "Mume wangu, sabuni bila dodoki ni kujidanganya."

Oktoba ya mwaka juzi, kabla sijarudi chuo, alinifungia mbegu nyeusi kwenye kitambaa nikazileta Kasulu. Mama akanitazama. Nyuma ya nyumba yetu kuna kishamba kidogo cha maharage na mahindi, na kila hatua ya ardhi pale ina kazi. Akaniambia, "Mwanangu, dodoki haliliwi." Kusema ukweli changa huliwa, likiwa na urefu wa kiganja na halina uchungu, lakini nilielewa alichomaanisha. Tukakubaliana: nisiguse shamba, nitumie uzio wa minyaa na mti wa parachichi uliopo pembeni. Dodoki halihitaji shamba kubwa. Linahitaji mahali pa kupandia.

Nililoweka mbegu usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu kwa sababu ganda lake ni gumu. Nikapanda mashimo sita, hatua moja kutoka shimo hadi shimo, mbolea ya mbuzi chini. Niliondoka miche ikiwa na majani mawili mawili, nikamwachia mdogo wangu wa kike aliyekuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne.

Kuanzia hapo nililima kwa simu. Januari akanipigia analalamika: maua ya njano yamejaa, hakuna tunda hata moja. Nikamweleza kwamba dodoki ni ndugu wa boga na tango. Lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na dume mara nyingi hutangulia. Jike utalijua kwa kidodoki kidogo kilichokaa nyuma ya ua. Asubiri, na nyuki asiwafukuze. Wiki mbili baadaye akanitumia picha bila maneno: madodoki manne yananing'inia kwenye minyaa.

Shida ya huku kwetu ni mvua. Inaanza Oktoba na inaweza kwenda mpaka Mei. Dodoki likikomaa katikati ya mvua likaachwa tu, linaingia ukungu na nyuzi zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo yaliyokomaa Aprili aliyachuma yakiwa ya njano, akayamenya ndani ya ndoo ya maji, akayaosha mpaka utelezi ukaisha, akayatundika jikoni mbali na moshi. Ya Mei na Juni ndiyo yaliyokuwa matamu kwa kazi. Kiangazi kikiingia unaliacha mmeani hadi liwe la kahawia, jepesi kama karatasi, ukilitikisa linalia. Hapo ganda unalivunja kwa vidole. Unakata kitako, unakung'uta mbegu, unaosha kwa sabuni, unaanika juani.

Na hapo ndipo hesabu ya nyumbani ilipoingia. Mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na sita ya shule za serikali ilifutwa mwaka wa fedha 2022/23, na tunashukuru. Lakini fomu ya kujiunga haina ada tu. Ina godoro, shuka, ndoo, viatu, madaftari, michango, na nauli ambayo haiandikwi popote. Nilifika nyumbani zimebaki wiki mbili. Mama alikuwa ameamua kuuza madebe matatu ya maharage, na yale maharage ndiyo aliyoyatenga kuwa mbegu ya msimu unaofuata. Ukiuza mbegu Julai, Oktoba utainunua kwa bei ambayo kila mtu anaitaka. Sisi wote tulilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Bumu langu lilikuwa limeshaisha kitambo, kila mwanachuo anajua mambo ya mwisho wa muhula. Tukahesabu madodoki. Tuliacha mawili ya mbegu na machache ya nyumbani, yakabaki 31 ya kuuza. Marefu 25 yalitoa vipande vitatu kila moja, mafupi 6 yakatoa viwili viwili. Vipande 87. Baba mdogo akapita akanikuta nakata, akasema, "Kijana wa chuo kikuu, umesomea kukata madodoki?" Nikamwamkia, nikaendelea kukata. Mdogo wangu alizunguka saluni na majirani, mimi nikaenda sokoni. Kipande shilingi 500. Zilipatikana 43,500.

Msidhani hela hiyo ilimsomesha mtu. Godoro lilinunuliwa kwa maharage. Ila mama aliuza debe moja badala ya matatu, na Oktoba alipanda mbegu yake mwenyewe. Hakunisifu. Alisema tu kwamba mwaka huu uzio wa upande wa pili nao uko wazi.

Mwezi huo huo nilianza mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya huko kwetu. Nilipewa Biolojia kidato cha pili, mada ya usafirishaji katika mimea. Wenzangu wa ualimu mnajua: somo ni la Kiingereza, maabara ina kabati lililofungwa, darasa limenyamaza. Siku ya pili niliingia na dodoki lililomenywa. Nikawaambia zile nyuzi ni mishipa ya tunda, na ndani yake imo zailemu, njia ya kupandishia maji kutoka mizizini. Nyama imeoza na kuoshwa, mifereji imebaki. Dodoki likapita mkono kwa mkono. Binti mmoja wa nyuma akauliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, kwa hiyo tunajisugua na mabomba ya maji?" Darasa zima likacheka, halafu maswali yakaanza, na kengele ikatukuta hatujamaliza.

Nafahamu tunakokwenda. Wengi wetu tutamaliza shahada ya ualimu na kusubiri ajira tusijue ni miaka mingapi. Sitamwambia mtu kwamba dodoki ni jibu la ajira, maana si kweli. Ninachokijua ni kidogo zaidi ya hapo: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, tumezoea kubeba vikapu, lakini jikoni bado tunasugua sufuria kwa plastiki ya dukani inayomomonyoka na kuishia mtaroni. Dodoki likichakaa unalitupa shambani, linaoza.

Mwaka huu mdogo wangu amenipigia kutoka shuleni. Mwalimu wao wa Biolojia anataka dodoki moja zima, lenye mbegu zake. Nimemwambia awaandikie nyumbani.