Prosesa yangu ya 2011 imefika 4.3, na hapo ndipo inakaa

Kila nikitaja kwamba kompyuta yangu bado inatumia Core i5-2500K, lazima mtu aulize: "Umefikisha 4.5?" Nikijibu 4.3, naangaliwa kama mtu aliyepanda Mlima Kenya akaishia Point Lenana. Wacha basi nieleze kwa nini sizitaki hizo 0.2, maana naona wasee wengi wanaanza hii maneno ya kuovakloki wakiwa na namba ya mtu mwingine kichwani.

Kuovakloki ni kuifanya prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. 2500K ilitoka Januari 2011, ina viini 4, na kasi yake ya msingi ni gigahazi 3.3. Hiyo 3.3 ni hesabu rahisi tu: kuna mdundo wa megahazi 100, unazidishwa mara 33. Weka 43 mahali pa 33, umepata 4.3. Ile herufi K mwishoni mwa jina ndiyo inakuruhusu kugusa hicho kizidishi. Bila K, huendi mbali.

Na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Nairobi, zile Dell OptiPlex 790 ama HP Compaq 8200 Elite zilizostaafu kwa ofisi za ng'ambo, huja na prosesa kama i5-2400. Hakuna K hapo. Hata ukiitoa na upachike 2500K, bodi yenyewe haitakuruhusu, ilitengenezewa karani. Unahitaji bodi ya P67, Z68 ama Z77. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii unaongeza spidi vile unataka", mwambie awashe, aingie kwa BIOS, akuonyeshe penye kizidishi kinabadilishwa. Akianza kuzungusha maneno, hizo ni stori za jaba. Na usidhani utapita mlango wa nyuma kwa kupandisha ule mdundo wa 100. Kwa kizazi hiki umefungwa pamoja na njia za diski na za kadi ya picha, ukiusukuma kidogo tu, vitu visivyohusika vinaanza kukohoa.

Mimi siku ya kwanza sikugusa BIOS. Nilifungua boksi, nikatoa vumbi, nikapangusa ile pesti ya kijivu iliyokuwa imekauka kati ya prosesa na kipoza joto, nikapaka mpya. Nikafunga kipoza kikubwa pia, kwa sababu kile kidogo cha Intel kinatosha kasi ya kiwandani, basi. Halafu nikapima joto kwa HWiNFO kabla ya kubadilisha chochote na nikaandika kwa daftari. Bila namba ya mwanzo utajuaje kama umetengeneza ama umeharibu?

Kisha 38, 40, 42. Kila hatua unahifadhi, unawasha, unaendesha Prime95, macho kwa joto. Prime95 ni programu ya watu wanaosaka namba tasa kubwakubwa, hesabu nzito isiyo na huruma, na prosesa ikikosea jibu inakuambia. Kompyuta ikikataa kuwaka, usilie. Unaizima, unachomoa waya ya stima, unatoa ile betri ya mviringo kwa bodi dakika chache, na mipangilio inarudi ya kiwandani. Kizidishi chenyewe si cha kuogopwa sana. Ogopa volteji. Hiyo weka mwenyewe, kidogo kidogo, usiiachie bodi ijichagulie, kwa sababu bodi nyingi hupenda kumwaga zaidi ya inavyohitajika.

Sasa turudi kwa 4.5. Prosesa yangu inashika 4.3 kwa volti 1.25, na joto halipiti nyuzi 71. Ili ifike 4.5 ilidai volti 1.36, na nikaona 84. Ukiangalia hesabu utaelewa. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini volteji inaingia kwa mraba. Kutoka 4.3 hadi 4.5 unapata kasi ya karibu asilimia 5, na unalipia joto la karibu robo zaidi. Asilimia 5! Hilo joto linatoka kwa tokeni zako, na linapita kwa pawa saplai yako. Kama ni ile iliyoandikwa wati 500 kwa stika lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama mandazi, tafadhali usianze hata.

Lakini sababu yangu kubwa si stima. Mimi huhariri video za harusi na ruracio, na hiyo ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Prosesa iliyosukumwa kupita kiasi si lazima izime na skrini ya buluu ujue kuna shida. Inaweza kukosea hesabu moja kimyakimya, faili ikahifadhiwa na kasoro ndani, na wewe ukaja kujua wakati mteja anapiga simu. Gemu ikianguka unaianza tena. Bi harusi hawezi kurudi kuingia kanisani upya kwa sababu nilitaka namba ya kupiga picha niwaringie watu. 4.5 ilipita Prime95 saa nzima, saa ya tatu kiini kimoja kikatoa jibu lisilo sahihi. 4.3 ilikesha hadi asubuhi bila kosa. "Imewaka na Windows imefunguka" kwangu si jibu.

Na kweli faida iko. Video iliyokuwa inachukua dakika 21 kutoka sasa inachukua 17. Kwa 4.5 ningeokoa sekunde chache hapo, haifiki dakika. Kwa mtu ambaye tayari ana K na bodi inayokubali, hiyo ni kasi ya karibu bure, na utajifunza mashine yako kuliko video yoyote itakavyokufunza.

Ila mzee ni mzee. Haitapata maagizo ambayo haikuzaliwa nayo. AVX2 ilikuja na Haswell mwaka wa 2013, kwa hivyo programu inayoidai haitafunguka hata ukifika 5.0. Windows 11 haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hivyo anza kuzoea Linux. Na kama bado uko kwa diski ya kuzunguka, wachana na BIOS kwanza, tafuta SSD. Hiyo tofauti hata mama yako ataiona akifungua tu kompyuta.

Saa hii mimi niko kwa mchezo mwingine kabisa, nashusha volteji na kasi naiacha pale pale. Nimefika 1.23 kwa 4.3, joto nyuzi 69, Prime95 inasaga hapa nyuma nikiandika. Ni saa ya tano sasa, na feni imepunguza kelele kidogo.