Kinanda Kilichozeeka

Kila chombo kina umri wake, lakini mwenye chombo huwa wa mwisho kukubali. Nilikuwa na kinanda cha santuri ndogo ziitwazo sidii, nilichokinunua mwaka 1996. Kilikaa juu ya amplifaya, kati ya spika mbili, kikaniimbia zaidi ya miaka ishirini bila ya kudai kitu ila umeme. Kilipoanza kuruka maneno na kukataa baadhi ya santuri, sikukishuku. Mtumishi mwema hashukiwi upesi. Nilizishuku santuri, na mbili nilizitupa.

Fundi alinionyesha kosa langu. Sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, haziguswi na sindano kama santuri za kale. Husomwa na mwali wa leza upitao katika lenzi ndogo, tangu katikati hata ukingoni. Vumbi huifunika lenzi, grisi hukauka, na leza yenyewe hufifia kwa matumizi.

“Santuri zilizorekodiwa nyumbani,” akasema, “hurudisha mwanga hafifu kuliko za kiwandani, basi kinanda kikichoka, mara nyingi hizo ndizo za kwanza kukataliwa.”

Nilinyamaza. Marehemu mama yangu alitusimulia hadithi moja ndefu, tukairekodi katika santuri tatu. Mbili nilizotupa zilikuwa za kwanza na ya pili.

Nilinunua kinanda kipya. Amplifaya na spika nilizibakiza, kwa kuwa hazikuwa na ila; kiungo kimoja kikiugua, si haki kuutupa mwili mzima. Nikaitia santuri ya tatu. Mama alikohoa, akacheka, akaendelea na hadithi kutoka mahali nisipopakumbuka, kwa maana mwanzo wake niliutupa kwa mkono wangu.

Siku ile ile niliinakili sauti hiyo katika kompyuta, na nakala nyingine nikampelekea dada yangu. Kwani rangi inayobeba sauti katika santuri za namna hiyo huharibiwa na jua na joto, wala haitungoji.

Wanafunzi na wasomi watanisamehe nikisema kwamba kosa langu si geni kwao. Jicho likififia, maandishi huonekana yamefutika, na kumbe kitabu ni kizima. Asomaye na asielewe, na ajaribu kwanza macho yake kabla ya kuhukumu kitabu.