Nyongo ya Baba
Vagbhata, tabibu wa kale wa Bara Hindi, aliugawa umri wa mwanadamu kwa tabia tatu: kafa, yaani belghamu, hutawala utoto, pita, nyongo yenye moto, utu uzima, vata, upepo mkavu, uzee. Asubuhi nayo ni ya kafa. Baba mmoja wa Kerala aliyasoma hayo baada ya kumpiga mwanawe kwa kuchelewa kuamka. Uvivu alioadhibu ulikuwa utoto. Haki aliyodhani ameitenda ilikuwa, kwa sehemu kubwa, joto la umri wake mwenyewe. Elimu ya namna hii humpa mtu udhuru mwepesi, yeye hakuushika. Alianza kumwamsha mtoto kwa kumsugua mgongo kwa mafuta ya ufuta, polepole. Siku nyingi mtoto alijikunyata kila mkono ule ulipomkaribia.