Nyuzi za Kigita cha Binti Yangu

Wamama wenzangu, wengi wenu mlimsikia binti yangu akiimba siku ya likelemba, na baadhi mliniuliza nyuzi za kile kigita chake nilizipata wapi. Nitawaeleza, lakini lazima nianze na kosa langu.

Kigita hicho kinaitwa ukulele. Kaka yake, anayesoma Kisangani, alikinunua kikiwa kimeshatumika akamletea mdogo wake. Kina nyuzi 4 tu, na mtu anaweza kukibeba kwapani kama mkate. Binti yangu ana miaka 9 na ana kigugumizi. Akiitwa kusoma mbele ya darasa, neno la kwanza linakwama mpaka wenzake wanacheka. Akiimba, hakwami. Mwalimu wake aliliona hilo, akamwambia mwisho wa muhula aimbe badala ya kukariri shairi. Basi kila jioni alikuwa nyuma ya jiko na kigita chake, mimi nikitwanga sombe.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu uzi mmoja ulipokatika. Nilikwenda sokoni nikanunua nyuzi za gita, za chuma. Muuzaji alinihakikishia kwamba hizo hazikatiki, nami nikafurahi. Sisi tuliokulia hapa tunayajua magita ya watoto: debe la mafuta, kipande cha ubao na nyaya za breki za baiskeli. Kama waya wa breki unalia, uzi wa dukani utashindwaje? Binti yangu alianza kuniambia, “Mama, z-zile za kwanza zi-zilikuwa...” Nilikuwa na haraka. Sikumngoja amalize. Niling'oa zote nne nikaweka za chuma, nikakaza.

Asubuhi tulikuta daraja, kile kijiti kilichobandikwa kifuani ili kishike nyuzi, limebanduka na kipande cha ubao. Mtoto hakulia. Alikaa siku mbili bila kuimba wala kusema, na mimi nilijua neno ambalo sikumwacha alimalize: zilikuwa laini.

Seremala wa jirani alilikwangua daraja, akalipaka gundi ya mbao, akalifunga kwa kamba usiku kucha na mchana wake. Ndiye aliyenieleza kwamba ubao wa kifua ni mwembamba sana, umetengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Chuma ni kizito karibu mara 7 kuliko nailoni ya unene uleule, kwa hiyo kinataka kuvutwa kwa nguvu zaidi ili kitoe sauti ileile. Tena hakinyumbuki: ukizungusha kigingi kidogo tu, mvuto unapanda sana. Zamani, kabla ya nailoni, ukulele ulifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Kumbe hata mababu wa chombo hicho, Wareno waliotoka kisiwa cha Madeira wakafika Hawaii mwaka 1879 na vigita vyao, hawakukihitaji chuma.

Nailoni hapa Ubundu si ya kutafuta mbali, mto uko mlangoni. Nilikwenda kwa yaya wangu, anayevua Lualaba. Akacheka: “Dada, kwa kigita hicho unataka kuvua kapitene au mbuzi?” Lakini alinitolea mishipi yake yote. Unene umeandikwa kwenye kibandiko cha kila kibunda. Ule wa milimita 0,70 ulifaa kwa la na kwa sol, na wa 0,80 ulifaa kwa mi. Angalieni hapo, maana wanaojua gita hukosea: kwenye ukulele uzi wa juu kabisa, ulio karibu na kidevu, si mnene. Ukishuka kutoka juu ni sol, do, mi, la, na ile sol ni nyembamba kama la, sauti yake iko chini ya la kwa hatua moja tu. Mnene ni wa do, wa pili.

Do ndiyo iliyotusumbua. Tulijaribu 0,80, ukalegea na kunguruma kama nzi kwenye chupa. Ilitakiwa kama milimita 1, na yaya hakuwa nayo. Nikampigia simu kijana wangu Kisangani. Alipata uzi wa tatu wa gita la nailoni, ule ulio mweupe mtupu, si hizi tatu nene zilizozungushiwa waya. Uzi wa gita una urefu wa karibu mita 1, kwa hiyo unakatwa na kinabaki kipande. Kutoka kule mpaka hapa ni kilomita 125 za reli, ile iliyofunguliwa mwaka 1906 ili watu wayapite maporomoko, lakini treni haikuwepo. Uzi ulikuja na pikipiki, umekunjwa ndani ya bahasha, ukafika zikiwa zimebaki siku tano.

Siku tano ni chache kwa nailoni mpya. Inanyumbuka, sauti inashuka, unakaza, inashuka tena. Asubuhi, mchana na jioni binti yangu alikuwa akikaza huku akisikiliza noti kwenye simu ya mama mmoja wa kwaya. Vigingi sikuruhusiwa kuvigusa. Aliniambia hivyo mwenyewe, neno kwa neno, ilichukua muda, na safari hii nilingoja.

Siku ya shule sol ilishuka katikati ya wimbo. Alisimama, akaikaza mbele ya watu wote, akaendelea.

Kipande cha uzi wa do kipo kwangu, na mshipi wa 0,70 umebaki mwingi. Mwenye mtoto mwenye kigita kama hicho anione tukimaliza kuhesabu likelemba.