Mbegu Umeleta?

Novemba 2023 nilikuwa nimeacha chuo miezi minne tu, na nilikuwa natafuta video moja ya kunitoa. Maji yakaingia Kulesa, huko Garsen, kijijini kwa bibi yangu. Nikawasha simu, nikalia kidogo, nikawaambia tumeni nguo.

Mkatuma, na asanteni. Magunia sita! Lakini tulipoyafungua Garsen kabla ya kupakia kwenye boti, mlikuwa na suti, makoti ya baridi, na viatu vya visigino virefu. Visigino jamani, kwenye tope la Tana?

Bibi nilimkuta chini ya turubai, mahali palipoinuka. Alishika kile kiatu akacheka mpaka machozi. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbegu umeleta?"

Sikuwa nayo hata punje.

Wengi mnaandika, "Si wahame tu?" Sikieni. Mvua inanyesha juu kule Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa yanajaa, Masinga mpaka Kiambere, na yakifurika sisi wa chini tunapokea maji hata kama kwetu jua linawaka. Mahindi, ndizi, mpunga, vyote vinaenda. Lakini maji hayohayo yakipungua yanaacha tope lenye rutuba, na Wapokomo wamelima tope hilo vizazi na vizazi. Kwa hiyo mwenye mbegu wakati huo anapanda. Asiye nayo anakaa kungoja unga wa msaada, na tope linakauka akiliangalia. Ndiyo maana ya swali la bibi.

Na mafuriko hayakungoja, Aprili 2024 yakarudi.

Basi mkitaka kusaidia, orodha ya bibi ni hii: mbegu, majembe, vyandarua, dawa ya kutibu maji, sodo za wasichana. Na pesa za boti, kwa sababu barabara ikikatika boti ndiyo kila kitu. Boti nzuri, isiyojazwa kupita kiasi. Ile iliyozama Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, tarehe 28 Aprili 2024, iliua watu.

Ile video ya kulia ndiyo iliyotazamwa zaidi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Inaniuma kusema hivyo. Siku hizi, kabla sijawasha kamera, nampigia bibi kwanza, namuuliza anataka nini.

Na wewe una nani kijijini? Mpigie leo, kabla mvua haijaanza.