Daftari la Mgonjwa na Kompyuta ya Tabibu

Kabla kompyuta haijaingia katika chumba changu cha kuonea wagonjwa, mgonjwa wa huku Bungu alikuja na daftari. Daftari la shule, la mistari, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe na mvua za Usambara, likafichwa ndani ya khanga. Humo mlikuwa na mwandiko wa kila tabibu aliyewahi kumwona: huku milimani, Korogwe mjini, pengine hadi hospitali ya Bombo kule Tanga. Lilikuwa mali yake. Asiporidhika na huduma yetu, analichukua anakwenda nalo kwingine.

Siku hizi taarifa ziko kwenye mfumo. Vituo vingi vya halmashauri vinatumia GoTHOMIS, mfumo uliotengenezwa chini ya TAMISEMI. Mapokezi wanamsajili mgonjwa, jina linanifikia, naagiza kipimo, majibu ya maabara yanarudi kwenye kioo changu, na dirisha la dawa wanaona nilichoandika bila mtu kukimbia na karatasi. Sitamani kurudi tulikotoka. Mama mwenye presha akipoteza daftari kwenye basi, nafungua jina lake na kuona dawa zake zote nilizomwandikia.

Ila kile alichokuwa amekishika mgonjwa sasa nimekishika mimi, na macho yangu yanataka kukifuata.

Kompyuta kuingia kati ya tabibu na mgonjwa hakukuanza kwetu. Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kompyuta iliingizwa kwenye kituo cha afya mwaka 2001, na kutokana na kazi ile ukaja kuzaliwa mfumo wa OpenMRS unaotumika leo katika nchi nyingi. Watafiti walipima muda kabla na baada. Safari ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22, jambo jema. Lakini muda wake na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Takwimu hiyo ya pili hunikaa kichwani kila foleni inapokuwa ndefu, kwa sababu najua ni maneno gani hukatwa kwanza.

Alikuja mzee mmoja wa mashamba ya juu, kaletwa na binti yake. Presha haikushuka. Kwenye mfumo kila kitu kilikuwa sawa: dawa za siku 30 zimetolewa, tarehe ya kurudi imefuatwa. Ningeweza kubofya I10, yaani shinikizo la damu, nikaongeza dozi, nikaita mwingine. Nikaiacha kompyuta, nikasogeza kiti. Tulikuwa tumeshasalimiana kwa Kisambaa, onga maundo, na habari za mahindi na za wajukuu zilikuwa zimeshapita. Nikamuuliza: “Mzee, vidonge unavinywaje pale nyumbani?” Akamtazama binti yake kwanza. Kisha akasema anagawana na mkewe. Bibi naye kichwa kinamsumbua, nauli ya watu wawili hawana, basi kidonge kimoja kwa huyu, kingine kwa yule.

Mfumo haukudanganya. Dawa zilitolewa kweli. Lakini kama ningeongeza dozi kwa kuufuata, ningekuwa namtibu mzee ambaye hayupo. Nikaandika kwenye maelezo, kwa Kiswahili cha wazi, “anagawana dawa na mkewe”, nikapanga na binti namna ya kumleta mama yake apimwe. Tabibu atakayekaa kwenye kiti changu nikiwa likizo atalikuta neno hilo, na ataanzia hapo. Hiyo ndiyo faida ya kompyuta ninayoipenda kuliko zote, na haipatikani bila kumsikiliza mtu kwanza.

Ndiyo maana nina utaratibu wangu. Mgonjwa anaanza kueleza, mikono yangu iko mezani. Akimaliza namwambia, “Sasa naandika uliyoniambia,” nageuza kioo kiwaelekee yeye na aliyemsindikiza, nasoma kwa sauti ya chini. Huku mgonjwa haji peke yake, lakini yapo magonjwa ambayo hata binti hapaswi kuyasoma, kwa hiyo namuuliza kwanza. Na daftari sikulifuta. Akiwa nalo bado, naandika mistari miwili: ugonjwa, dawa, tarehe. Wenzangu wengine wanaona ni kazi mara mbili. Mimi naona umeme ukikatika au akifika kituo kingine, mistari ile ndiyo itakayomsemea.

Nawe msomaji, siku ukiugua na tabibu akaanza kubofya kabla hujamaliza, mwambie kwa heshima, “Dokta, bado sijamaliza.” Ukimaliza, omba usomewe kilichoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizohifadhiwa na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Huhitaji kuwa umesoma ili kuidai.