Sehemu ya leo: "Mama, mbona hakurudi kwa Mako?"

Mama wenzangu, leo tuko sebuleni, siyo wodini. Binti yangu wa miaka 11 amemaliza katuni ya The Legend of Korra, kanuna. Alitegemea Korra atarudiana na Mako, kumbe mwisho kashikana mikono na Asami, msichana mwenzake! Mwisho huo ulitoka Desemba 2014, watunzi wakathibitisha kuwa ni wapenzi. Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku pamoja na katuni nyingine 5.

Mkono ukaenda kwenye rimoti. Nikakumbuka mabinti wanaofika kwetu wamechelewa, kisa waliogopa kumuuliza mama. Nikakaa.

"Wanapendana, mwanangu. Wewe umeonaje?"

Tukaongea mpaka chai ikapoa. Kesho atakuwa na swali zito zaidi. Nataka aniletee mimi.